Upau wa Taa na Ahadi Zake Mbili

Miongoni mwa mambo yanayopita machoni petu kila siku bila kutiliwa maanani ni tabia ya wenye magari kuyaongezea taa ambazo watengenezaji hawakuziweka. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa pambo tu, sawa na kubadilisha rangi au kutandika zulia jipya sakafuni. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo mpaka mwanafunzi wangu wa zamani aliponijia Jumamosi moja na kunilazimisha kufikiri upya.

Kijana huyo nilimfundisha Fizikia alipokuwa kidato cha tatu. Siku hiyo alikuja na gari dogo la viti viwili, lile ambalo paa lake ni la turubai na hukunjwa likalala nyuma ya viti. Magari ya namna hiyo ni nadra humu nchini, kwani vumbi la kiangazi na mvua ya masika si marafiki wa paa la kitambaa, na watoto wa mtaa walilizunguka kama waliozunguka ndege iliyotua uwanjani. Ndani yake mlikuwa na masanduku mawili, na muuzaji alikuwa ameviita vifaa vyote viwili kwa jina moja: upau wa taa. Cha kwanza kilikuwa tao la bomba jeusi, la kusimamishwa nyuma ya vichwa vya dereva na abiria, lenye taa nyekundu ya breki katikati. Cha pili kilikuwa ufito mrefu uliosheheni taa ndogondogo za LED, wa kufungwa juu ya fremu ya kioo cha mbele.

"Mwalimu," akaniambia, "nataka kuvifunga vyote viwili kabla ya Krismasi. Nimekuja uniangalizie hesabu ya waya tu."

Nilifurahi kusikia kwamba bado anakumbuka kuwa waya una hesabu yake. Hata hivyo, nilimwambia, "Mwanangu, hesabu ya waya ndiyo nyepesi. Iliyo nzito ni kujua kila kifaa kinaahidi nini, na kinamwahidi nani." Naleta mazungumzo yetu katika ukurasa huu kwa sababu wanaofunga vifaa hivi, na wale watakaovifunga kesho, ni vijana walio madarasani mwetu na katika vyuo vyetu vya ufundi.

Tuanze na lile tao. Yeyote anayelitazama kwa mbali huamini kwamba gari likipinduka, tao litasimama imara na kuzuia vichwa visigonge lami. Imani hiyo haikutokea hewani. Gari lenye paa la chuma ni kama sanduku lililofungwa, kila upande ukiushikilia mwingine. Ukiondoa paa, unabaki na sinia. Ndiyo maana wahandisi wanapounda gari la paa la kukunjwa hulazimika kuongeza vyuma sakafuni na chini ya milango, na gari hilo mara nyingi huwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa la kudumu, jambo ambalo wanafunzi huona ajabu wanapolisikia mara ya kwanza. Hata hivyo, vyuma vya sakafuni haviwezi kukilinda kichwa kilicho juu.

Watengenezaji wamehangaika na tatizo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1965 kampuni ya Porsche ilionyesha gari la 911 Targa, lenye tao pana la kudumu nyuma ya viti, wakati ambapo kulikuwa na hofu kwamba Marekani ingeyapiga marufuku magari yasiyo na paa. Marufuku yenyewe haikuja, lakini hofu ilitosha kuwafanya watengenezaji wa Marekani waache kuyaunda: Cadillac Eldorado ya mwaka 1976 ilitangazwa kuwa ya mwisho ya aina yake nchini humo, na ikawa hivyo mpaka magari hayo yaliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Volkswagen ilipotoa Golf ya paa la kukunjwa mwaka 1979, iliiwekea tao lisiloondoka, na baadhi ya watu wakaicheka kwa kuifananisha na kikapu. Mwaka 1989 Mercedes-Benz ikaleta gari la SL ambalo tao lake hulala limejificha, kisha huchomoza lenyewe kwa muda wa sehemu ya tatu ya sekunde pale vipimo vinapohisi kwamba gari linataka kupinduka.

Kila mojawapo ya matao hayo limeshikana na mifupa ya gari. Limechomelewa, au limefungwa kwa bolti nene penye chuma kilichoimarishwa kwa kazi hiyo. Tao la kijana wangu halikuwa hivyo. Nililigonga kwa funguo nikasikia mlio wa kopo. Miguu yake ilikuwa na vibao vyembamba vyenye matundu ya skrubu, na maelekezo yalimtaka azikaze skrubu hizo kwenye plastiki inayofunika ubavu wa ndani wa gari. Na pembeni mwa karatasi ile ile, kwa herufi za kusomwa na mtu mwenye miwani, muuzaji alikuwa amekiri mwenyewe kwamba kifaa ni cha urembo tu na hakikukusudiwa kumlinda mtu gari linapopinduka.

Basi hapo ndipo palipo na kasoro. Sina ugomvi na urembo. Anayetaka kulipamba gari lake na alipambe. Lakini kifaa kilichopewa umbo la ulinzi bila kuwa na nguvu ya ulinzi ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa kabisa, kwa kuwa mwenye gari wazi asiye na tao anajua kwamba yu wazi, naye huendesha kwa tahadhari ya mtu aliye wazi. Aliyenunua tao la kopo hukata kona kwa moyo wa mtu aliye ndani ya ngome. Tena bomba gumu lisilo na sponji, likiwa inchi chache nyuma ya kisogo, laweza kumjeruhi mtu katika ajali ndogo ya kugongwa nyuma ambayo pengine ingemwacha na maumivu ya shingo tu. Sijataja hatari ya fundi anayetoboa ubavu wa gari kwa keekee bila kujua kwamba nyuma ya plastiki ile mnapita waya za mifuko ya hewa, au pamefungwa mtambo wa mkanda wa usalama.

Kijana alisikitika. Kisha, kama wafanyavyo wanafunzi wanaotaka kuokoa alama moja kati ya swali lililowashinda, akaniuliza, "Na ile taa nyekundu je, Mwalimu? Nayo ni ya uongo?"

La, nilimjibu, hiyo ndiyo sehemu yenye ukweli, na historia yake inafaa kusimuliwa darasani. Mnamo mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, John Voevodsky, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya katika mji wa San Francisco. Aliziwekea teksi 343 taa ya tatu ya breki, katikati na juu zaidi ya zile mbili za kawaida, na akaziacha teksi nyingine 160 zikiwa kama zilivyokuwa. Zile zenye taa ya tatu ziligongwa nyuma kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 60 hivi zikilinganishwa na zile nyingine. Serikali ya Marekani ilifanya majaribio yake pia, na kuanzia magari ya abiria ya toleo la mwaka 1986 ikaifanya taa hiyo kuwa ya lazima. Leo ni vigumu kulipata gari dogo jipya lisilo nayo.

Sehemu ya pili ya historia hiyo huachwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye faida zaidi kwa mwalimu. Idara ya usalama barabarani ya Marekani ilipoipima tena taa hiyo baada ya miaka mingi, na kutoa ripoti yake mwaka 1998, iligundua kwamba upungufu wa kudumu wa ajali za kugongwa nyuma ulikuwa asilimia 4.3 tu. Asilimia hiyo bado inaokoa watu wengi kwa gharama ndogo, lakini iko mbali na 60. Taa haikuwa imepoteza mwanga wake. Ni macho ya madereva yaliyoizoea. Ilipokuwa katika teksi chache, kila aliyeiona alishtuka. Ilipokuwa katika kila gari, ikawa neno la kawaida katika lugha ya barabarani.

Nasema lugha kwa makusudi. Taa nyekundu inayowaka ghafla nyuma ya gari ni kauli fupi yenye maana moja: ninasimama. Nyeupe upande wa mbele humaanisha gari linakuja; nyekundu upande wa nyuma humaanisha gari liko mbele yako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza gari kuonyesha taa nyekundu upande wa mbele, au nyeupe upande wa nyuma isipokuwa linaporudi kinyumenyume, kwa sababu ile ile ambayo sisi walimu wa lugha na wa sayansi tunakataza neno moja kupewa maana mbili zinazopingana katika sentensi moja. Fundi anayeiunganisha taa ya tao ili iwake usiku kucha, au imemete kama ya sherehe, anaifuta maana hiyo. Na ipo kasoro nyingine katika gari la kijana wangu ambayo hata mimi sikuiona mara moja: paa la turubai linapoinuliwa, taa ya tao hubaki nyuma ya kidirisha cha plastiki kilichofifia, aliye nyuma asiione vizuri. Kwa hiyo ile taa ya tatu iliyowekwa na mtengenezaji juu ya mfuniko wa buti haikupaswa kung'olewa, ingawa maelekezo ya muuzaji yalimwelekeza "kuhamisha" waya wake.

Sasa tuje kwenye upau wa mbele. Hesabu ya umeme nitaipitia haraka, kwani kila mwalimu wa Fizikia anaijua. Taa za wati 180 katika mfumo wa volti 12 huvuta mkondo wa ampea 15. Swichi ndogo ya dashibodi haifai kuubeba mkondo huo, hivyo panahitajika rilei, ambayo huuwezesha mkondo mdogo kuuamuru ule mkubwa. Panahitajika pia waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi karibu kabisa na betri hiyo. Wanafunzi wengi, na mafundi wasio wachache, hudhani kwamba fyuzi hulinda taa. Fyuzi hulinda waya. Anayeunganisha upau kwenye waya mwembamba wa taa za kawaida, na fyuzi ikiungua akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameweka jiko chini ya zulia. Na zulia la gari la paa la turubai, ambalo huvujiwa na mvua, si mahali pa kuchezea waya uliochubuka.

Kisha kuna fremu yenyewe. Katika gari la kawaida, fremu ya kioo cha mbele hushikiliwa na paa. Katika gari hili husimama peke yake, kama fremu ya mlango iliyosimamishwa uwanjani pasipo nyumba. Uifungie mzigo unaokinga upepo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nayo itatikisika safari nzima. Uitoboe pale inapokutana na mpira wa paa, na utakaribisha maji na kutu. Zaidi ya hayo, taa zilizo juu ya kioo hulimulika boneti la gari lenyewe, na mwanga huo hurudi machoni pa dereva. Panapokuwa na ukungu au vumbi hali huwa mbaya zaidi, na dereva hujikuta amejiwashia ukuta mweupe mbele yake.

Hayo yote ni hasara ya mwenye gari, naye ana haki ya kujitia hasara. Anayenishughulisha mimi ni yule anayekuja upande wa pili.

Taa kubwa za gari, zinapopunguzwa, haziwi dhaifu tu. Hupewa umbo. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, mwanga wake hukatwa chini upande wa kulia, aliko dereva anayekuja, na huinuka kidogo upande wa kushoto ili kumwonyesha mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli walio pembeni mwa barabara. Kioo na kiakisi vya taa hizo vimechongwa kwa kazi hiyo. Upau wa LED hauna mpaka huo. Humwaga mwanga mbele, juu na pembeni, na hauna mwanga wa chini, bali una kuwaka na kuzima tu.

Jicho nalo lina mipaka yake. Usiku mboni hupanuka, na kemikali iliyo katika seli za retina hukusanyika polepole; kulizoea giza kikamilifu huchukua nusu saa hivi. Mwanga mkali huiharibu kazi hiyo kwa nukta moja. Mboni hujifunga upesi lakini hufunguka kwa kusitasita, na kwa mtu mwenye umri mkubwa husitasita zaidi. Tuseme dereva wa basi aliyemulikwa anahitaji sekunde tatu ili aione barabara tena. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde. Basi hilo litakwenda mita 66 likiwa mikononi mwa mtu asiyeona. Katika mita 66 barabarani mwetu kuna nini? Kuna mkokoteni usio na taa, kuna bodaboda, kuna lori lililoharibika lililowekewa matawi ya miti badala ya alama ya hatari, na kuna mwanafunzi wa shule ya kutwa anayewahi masomo ya alfajiri akiwa amevaa sweta la rangi ya giza.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi zimeonyesha katika miaka ya karibuni kwamba watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kila mwaka nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni watembea kwa miguu. Siwezi kudai kwamba upau wa taa ndio uliowaua. Ninachosema ni kwamba mtembea kwa miguu ndiye mtu wa kwanza kupotea machoni pa dereva aliyepofushwa, na ndiye pekee ambaye hana taa ya kujitetea.

Zipo sababu za heshima za kuwa na taa nyingi. Wazee wenzangu watakumbuka magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yakipita usiku katika tope na vumbi yakiwa na taa kubwa za mviringo zilizopangwa puani. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na vijana wa wakati huo waliokuwa wakisubiri kandokando ya barabara waliziona taa hizo kabla ya kulisikia gari. Nadhani mapenzi ya Wakenya kwa taa za ziada yalizaliwa hapo. Mkulima anayeingia shambani usiku, daktari wa mifugo anayeitwa nyikani, askari wa wanyamapori, wote wana haja ya kweli. Lakini haja yao hukoma wanapofika kwenye lami penye gari linalokuja, na hapo mkono uliowasha hauna budi kuzima.

Sheria haikosekani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka gari na vifaa vyake vyote, taa zikiwemo, viwe katika hali isiyowahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Kinachokosekana ni mtu wa kulisema jambo hili kabla gari halijatoka kwenye karakana. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizotolewa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari mwaka 2004, zilituonyesha kwamba mikanda na vidhibiti mwendo vyaweza kufungwa katika matatu zote za nchi pale serikali inapotaka kwa dhati. Zilituonyesha pia, miaka iliyofuata, jinsi kifaa kinavyoweza kubaki ndani ya gari kwa ajili ya ukaguzi huku kazi yake ikiwa imekufa. Sitaki upau wa taa upigwe marufuku na kuwa kitega uchumi kipya kando ya barabara. Nataka muuzaji aandike kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kile anachokiandika sasa kwa herufi ndogo kwa Kiingereza. Nataka wanaofundisha umeme wa magari vyuoni wamtahini mwanafunzi kwa kumsimamisha mita 50 mbele ya gari alilolifunga taa, usiku, na kumwuliza anaona nini.

Walimu wa sekondari wasingoje vyuo. Chukueni tochi mbili, kipande cha kadibodi na sanamu ndogo. Izimeni taa za maabara jioni, simamisheni sanamu kati ya tochi na darasa, kisha washeni tochi kuelekea kwa wanafunzi, kwanza ikiwa imekingwa kwa kadibodi upande wa juu, halafu bila kinga. Waulizeni sanamu imekwenda wapi.

Kijana wangu alilirudisha tao kwa muuzaji akarudishiwa nusu ya fedha zake, baada ya mabishano marefu. Upau wa mbele ameubakiza ndani ya sanduku lake, chini ya kitanda, akisema kwamba siku moja atanunua gari la kwendea porini. Taa ya tatu ya breki ya gari lake, ile ya kiwandani, tulipoikagua tuliikuta imeungua muda mrefu, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulibadilisha balbu mchana ule ule. Alikanyaga breki, mimi nikasimama nyuma na kumpungia mkono kwamba inawaka.